Kuokoa na Kuopoa: Lugha ya Kiswahili na Machungu ya Waokoaji wa Pwani ya Ziwa

Ijumaa ya tarehe 8 Agosti 2025, jioni, basi lililowachukua waombolezaji waliokuwa wakirejea Nyakach kutoka mazishini Nyahera lilipinduka penye mzunguko wa barabara wa Coptic, Mamboleo, katika barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega. Watu zaidi ya 20 walifariki. Taarifa za maafa ya namna hii zina utaratibu wake wa kudumu katika Kiswahili: hutaja idadi ya waliokufa, kisha idadi ya majeruhi na hospitali walikopelekwa, kisha rambirambi za viongozi, kisha ahadi ya uchunguzi. Wale walioingiza mikono yao katika vyuma ili kuwatoa walio hai na wasio hai hupewa neno moja tu, waokoaji, na sentensi ikaendelea bila wao.

Makala haya yanalikabili neno hilo na jamaa zake. Dai lake ni kwamba Kiswahili cha taarifa za maafa, jinsi kinavyoandikwa leo Kenya na Tanzania, kimempa mwokoaji cheo na kumnyima sauti. Na kwamba baadhi ya istilahi zilizoletwa kwa nia njema ili kumtibu zimeuzidisha ukimya wake. Dai hili lina uzito nje ya vyumba vya wanalugha. Mtu asiyekuwa na neno la kusemea alichokiona hubaki nacho peke yake, na wako waliobaki nacho hadi usingizi ukawatoka na kazi ikawashinda.

Jina la mahali penyewe lina kejeli kidogo. Mamboleo ni Kiswahili kitupu katika nchi ya Wajaluo. Gazeti lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 liliitwa Mambo Leo, na wahakiki wa ushairi wamelizoea neno hilo kwa tungo za kisasa. Hapa ni kitongoji cha mji wa Kisumu, chenye soko na uwanja mkubwa. Katika uwanja huo, tarehe 18 Oktoba 2025, maelfu ya watu walikusanyika kuutazama mwili wa Raila Odinga aliyekuwa amefariki siku tatu kabla, na wahudumu wa Msalaba Mwekundu wakawabeba waliozirai na walioumia katika msongamano. Kwa hiyo katika muda wa miezi mitatu pahali hapo pamoja pamewadai wakazi na wahudumu wake mara mbili. Wachache waliulizwa walilalaje usiku.

Yafaa kuanza na vitenzi. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa umbo na kuachana kwa maana: kuokoa na kuopoa. Ndoo iliyotumbukia kisimani huopolewa. Mtu aliyetumbukia, akiwa hai, huokolewa. Kuopoa kunamhitaji mvutaji na kinachovutwa. Kuokoa kunadai zaidi ya hapo: kunadai uhai upande wa pili wa mkono. Waandishi wa habari wanaijua tofauti hii vyema na ni nadra kuikosea wanapomtaja aliyezama, kwani miili huopolewa na manusura huokolewa. Lakini wanapomgeukia mtendaji tofauti hufutika. Aliyeokoa watu kumi na aliyeopoa maiti kumi wote huitwa waokoaji. Neno mwopoaji, ambalo sarufi inalikubali bila taabu yoyote, ni adimu mno katika maandishi.

Huenda ikadhaniwa kuwa hili ni jambo dogo. Lakini katika maafa ya ziwani sehemu kubwa ya wanaoitwa waokoaji hawamwokoi mtu. Maji ya Ziwa Victoria ni ya vuguvugu. Aliyezama aghalabu huibuka siku ya pili au ya tatu, na kazi ya mvuvi huwa ni kumngoja, kumtambua kwa mbali, kumfunga kamba na kumvuta ufukoni. Anaporudi watu humshukuru kwa jina la kazi ambayo hakuifanya. Kila anapoitwa mwokoaji neno lamkumbusha kuwa alichelewa. Mwaka 2022 ilipojulikana kwamba miili zaidi ya 20 ilikuwa imetolewa katika mto Yala, wilayani Siaya kama ilivyoitwa zamani, wapiga mbizi wa kijijini walioitoa walihojiwa sana. Waliulizwa miili ilikuwa katika hali gani, ilifungwaje, ilionekana wapi. Maswali hayo yalikuwa ya haki, kwa kuwa palikuwa na shuku ya mauaji na taifa zima lilitaka kujua. Hata hivyo mwopoaji aliingia katika habari akiwa shahidi wa jinai, na shahidi hutakiwa aeleze alichokiona, wala hatakiwi aeleze kilichompata kwa kukiona.

Kuna jambo jingine linalohusu viambishi. Kutokana na kuokoa lugha imezaa majina mawili, mwokozi na mwokoaji. La kwanza limekwisha kutwaliwa na Wakristo, na mtu mwenye adabu hawezi kulitumia kwa mvuvi. La pili, kwa kiambishi chake cha -aji, ni jina la mtu wa mazoea, mtu wa kazi, kama mwindaji na mshonaji. Mazoea haya ya kisarufi yameleta dhana kwamba mwokoaji amekwisha kuzoea. Aliyezoea hapewi pole.

Upatanisho wa kisarufi nao una siri yake. Katika taarifa moja fupi huweza kusomwa kwamba watu watano walizama na minne imekwisha kuopolewa. Hapo kati ya watu watano na minne pana kifo, nacho kimeelezwa kwa kuhama kutoka ngeli ya wanadamu kwenda ngeli ya miti na mikono. Neno maiti lina tabia tofauti. Wasemaji wengi wa kale, na wa pwani hasa, humpa maiti upatanisho wa kiumbe, maiti huyu, maiti hawa, ilhali magazeti ya leo hupendelea maiti hii. Mwanaisimu angeweza kuridhika kusema kwamba lugha inabadilika. Lakini uchunguzi uliofanywa Marekani katika miaka ya 1990 juu ya watu wanaohudumia maiti wa vita na maafa ulionyesha kwamba uchungu huzidi pale mhudumu anapojiona katika marehemu: anapofikiri kwamba huyu angekuwa yeye, au mwanawe, au rafiki yake. Ndiyo maana wazoefu hujizuia wasitazame uso, wasisome majina, wasishike picha zilizomo mifukoni. Kuhama kwa ngeli, basi, ni mbinu ya kujihami iliyomo ndani ya sarufi yenyewe. Anayesema mwili umeopolewa amejitenga hatua moja na anayesema mtu ametolewa. Kumlaumu mpiga mbizi kwa kusema hivyo ni ukatili. Mwandishi wa habari, aliyekaa mezani Nairobi au Dar es Salaam, hana dharura hiyo, naye anaiazima kinga asiyoihitaji.

Linalostahili lawama kubwa zaidi ni neno kiwewe. Katika muda wa miaka mingi sasa neno hili limefanywa istilahi ya madhara ya akili yanayowapata watu waliopitia au kushuhudia maafa. Kiwewe cha wasemaji wa kawaida ni cha ghafla. Mtu huingiwa na kiwewe moto unapozuka usiku, akakimbia bila kujua aendako, na muda si muda akili zikamrudia. Hata furaha kuu huweza kumtia mtu kiwewe. Ugonjwa ambao madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi katika orodha yao mwaka 1980 una mwendo ulio kinyume. Huja kwa kuchelewa, tena hurudi. Huleta ndoto zilezile, harufu isiyokuwapo, mshtuko kwa mlio mdogo, kuyakwepa mahali fulani, na ganzi ya hisia hata mbele ya watoto wa mtu. Mwokoaji hodari aghalabu hakuingiwa na kiwewe siku ya tukio. Alikuwa ametulia kuliko watu wote, mikono yake ikifanya kazi kwa utaratibu, naye anajivunia hilo. Miezi sita baadaye akiulizwa na mhudumu wa afya kama alipata kiwewe, atajibu hapana, na jibu lake ni la kweli kwa Kiswahili chake. Karatasi itaandikwa kuwa ni mzima.

Si kwamba lugha imekosa maneno. Iko jinamizi, ambayo kila mtoto anaijua. Iko jitimai, ingawa imebaki kwa washairi. Kiko kitenzi kuandamwa, ambacho hutumiwa na watu wa kawaida kwa madeni, kwa balaa na kwa mizimu, na ambacho kina ndani yake mambo mawili ambayo kiwewe hakina: kuendelea kwa wakati, na kuwapo kwa kitu kinachofuata nyuma. Anayesema ameandamwa na alichokiona amekwisha kueleza nusu ya ugonjwa. Kamati za istilahi, zikitaka nomino kwa kila dhana, hukipita kitenzi kama hiki kwa kuwa hakikai vizuri kwenye jedwali.

Kisha kuna ushauri nasaha. Nasaha ni ushauri, na ushauri ni nasaha. Istilahi imepanga maneno mawili ya asili ya Kiarabu yanayosema jambo moja, na jambo lenyewe ni kwamba mmoja anajua na mwingine anaambiwa. Mwokoaji anapopelekwa kupata ushauri nasaha lugha imekwisha kumkalisha upande wa asiyejua, hali yeye ndiye pekee katika chumba kile aliyeshuhudia. Kwa wahudumu wengi wa msaada utaratibu wa miaka ya 1980, uliotoka Marekani, ulikuwa ni kuwakusanya wote mara moja baada ya tukio na kuwataka wasimulie kwa zamu. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha faida iliyotarajiwa, na Shirika la Afya Duniani limeshauri dhidi ya kikao cha namna hiyo cha mara moja kuwa njia ya kuzuia ugonjwa. Badala yake hupendekezwa utulivu, mahitaji ya mwili, watu wa karibu, na sikio kwa anayetaka kusema, bila kumshurutisha asiyetaka. Yaani kinachopendekezwa kinakaribia zaidi kuliwaza kuliko kushauri. Kuliwaza ni neno kongwe, zuri, na halijapata nafasi katika ofisi yoyote.

Ulinganisho na nchi za mbali unasaidia hapa. Jukwaa la mafuta la Piper Alpha lilipoungua katika Bahari ya Kaskazini tarehe 6 Julai 1988 na kuua watu 167, polisi wa Scotland walipewa kazi ya kuwapokea na kuwatambua maiti kwa miezi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991 ulikuta kwamba wengi wao hawakupata madhara ya kudumu, na sababu zilizotajwa zilikuwa za kawaida kabisa: matayarisho, mpango mzuri wa kazi, wakubwa waliojali, wenzao, na mzaha. Mzaha wa watu wa kazi hii huwachukiza wageni. Ungechukiza pia ukiandikwa katika Kiswahili sanifu, na pengine ndiyo sababu hauandikwi. Lakini mhakiki anayejua utani wa mazishini, jinsi watani wanavyoweza kumdhihaki marehemu mbele ya jeneza bila mtu kukasirika, hana haki ya kushangaa. Jamii za Afrika Mashariki zilikuwa na ruhusa ya kucheka karibu na maiti kabla ya elimunafsia kuiita mbinu.

Baada ya mwokoaji aliyesahauliwa kuna mwokoaji aliyetukuzwa, na haijulikani ni yupi mwenye mzigo mzito zaidi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, 19 walikufa. Wavuvi walifika kwa mitumbwi kabla ya vyombo vya serikali. Mmoja wao, kijana, aliumia na kuzimia katika jitihada za kuwafikia marubani, akaamkia hospitali. Siku chache baadaye alikuwa shujaa wa taifa, mwenye zawadi ya fedha na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Zawadi ilikuwa stahili yake. Neno shujaa, hata hivyo, lina masharti makali katika Kiswahili. Shujaa wa tendi haoti ndoto mbaya, na kama akilia hulia kwa ajili ya wengine. Marubani wale walikufa. Kijana mwenyewe alisimulia hadharani jinsi alivyojaribu kuwasaidia wakiwa hai nyuma ya kioo. Katika simulizi ile wasikilizaji wengi walisikia ujasiri, na mlikuwa pia na kitu kingine ambacho neno shujaa halikukiachia mlango.

Kitu hicho ni majuto ya aliyeshindwa, na ziwa hili limewahi kuyatoa kwa kiwango cha kutisha. Meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikaua watu zaidi ya 800. Tumbo la meli lilibaki juu ya maji kwa saa kadhaa, na watu waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Tundu likatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Katika mazungumzo ya watu wa Kanda ya Ziwa tukio hilo husimuliwa hadi leo kama mfano wa ujinga, na waliotoboa hutajwa kwa kiwakilishi tu: wao walitoboa. Hakuna aliyewaita wahanga, wala waathiriwa kama wasemavyo Wakenya, wala waathirika kama wasemavyo Watanzania. Maneno hayo matatu yamegombaniwa sana na wanalugha kwa sababu za mofolojia, na ugomvi huo umeziba swali la nani anaruhusiwa kuingia humo. Aliyesikia kugonga, akafanya alilodhani ni jema, kisha kugonga kukakoma, hana jina.

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 220 wakafa, shughuli zilisimamishwa usiku kwa giza. Siku mbili baadaye, wakati kazi ilikuwa imekwisha kugeuka kuwa ya kuopoa, fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini mtu aliye hai siku ya pili huzaa swali juu ya usiku wa kwanza, nalo swali hilo halikai kwa mkubwa aliyetoa amri. Hukaa kwa mpiga mbizi aliyeitii.

Kiswahili cha kila siku kina shauri moja kuu kwa watu wa hali hii: jikaze. Piga moyo konde. Mwanamume halii. Misemo hii haifai kubezwa, kwani ndiyo inayomwezesha mtu kushuka majini mara ya pili. Ila yapasa kuitazama picha iliyomo. Konde ni ngumi. Moyo unapigwa ngumi ili unyamaze. Hapa ndipo fasihi ya Kiswahili ingeweza kusaidia, kwa sababu inao mfano wa kale wa kuutendea moyo kwa njia nyingine kabisa. Katika Al-Inkishafi, utungo wa mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anasimama mbele ya magofu ya Pate na wafu wake, na mtu anayezungumza naye ni moyo wake mwenyewe. Anauuliza, anaukaripia, anaubembeleza, anauonyesha alichokiona na kuutaka ujibu. Utungo huo umefundishwa kwa vizazi kama mawaidha juu ya ubatili wa dunia, na ni kweli kwamba lengo lake ni la dini. Lakini kifani, ni hotuba ya shahidi wa mauti anayekataa kuupiga moyo wake konde. Wahakiki wameishughulikia theolojia yake na bahari yake. Umbo hili la mazungumzo ya ndani, ambalo ni tiba kwa kiasi kile kile ambacho ni ibada, limepewa aya chache.

Riwaya ya kisasa imefika karibu na jambo hili na kugeuka. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, visiwa vilevile vya MV Nyerere, ndiye aliyeipa riwaya ya Kiswahili nafsi inayojisikiliza: Kichwamaji ya 1974 husimuliwa na Kazimoto mwenyewe, kijana msomi ambaye akili yake inamla hadi anajiua. Kwa hiyo zana zipo. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na urithi wake wa sauti ya ndani umebaki kuwa mali ya wasomi waliokata tamaa. Mvuvi wa Ukara hajaazimwa. Assumpta Matei katika Chozi la Heri, riwaya ambayo kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya kimeisoma kwa mtihani, ameweka watu wawili ambao kwa kazi zao wangeweza kulibeba somo hili: Ridhaa ni daktari, na mwanawe Mwangeka amerudi kutoka kulinda amani Mashariki ya Kati. Uzito wa simulizi umewekwa katika hasara yao ya nyumbani, jamaa walioteketezwa kwa moto wa vurugu, na mwandishi ameueleza uchungu huo kwa nguvu. Alichokiona Mwangeka akiwa kazini hakipati uzito huo. Ni kana kwamba mtu hana haki ya kuumia kwa maiti asiokuwa jamaa zake. Huo si udhaifu wa Matei peke yake. Ndio mpaka wa huzuni kama desturi inavyouchora: mfiwa ni mwenye undugu.

Mwandishi aliyeuona mgogoro wa mhudumu kwa ukamilifu zaidi aliandika kwa Kiingereza, naye ni wa pwani hii hii. Grace Ogot alikuwa muuguzi kabla ya kuwa mwandishi, alifanya kazi Maseno, umbali mfupi kutoka Mamboleo, na katika mkusanyiko wake wa 1968, Land Without Thunder, kuna hadithi ya wauguzi wanaogoma kwa sababu wanaamriwa kubeba uchafu wa wagonjwa, jambo ambalo mila imewakataza. Mzungu mkuu wao anaona uasi na ukosefu wa upendo. Ogot anaona kwamba kazi ya kusaidia inaweza kumtia mtu najisi ambayo hospitali haina namna ya kuitakasa. Mhakiki anaweza kuibishia hadithi hiyo katika mambo mengi, hasa mwisho wake. Lakini swali lake, kwamba mhudumu arudije nyumbani baada ya kugusa alichogusa, halijapata jibu katika riwaya yoyote maarufu ya Kiswahili.

Mila za Wajaluo zilikuwa na majibu, na baadhi yangali hai. Kwa aliyepotea ziwani asionekane, familia huzika tunda la mti wa yago badala ya mwili, na kwa tendo hilo waliokuwa wakitafuta huachiliwa. Msako una siku ya mwisho. Tero buru, mbio za wanaume na ng'ombe na mikuki kukifukuza kifo hadi mpakani, huwapa mwili na miguu kazi ya kufanya. Na kuna nyawawa. Usiku fulani kelele huanza ufukoni, watu wakagonga masufuria, madebe na mabati kuwafukuza pepo wapitao, wengine wakisema ni roho za waliokufa maji, na mgongo huo hupokelewa kijiji kwa kijiji hadi mitaa ya mji. Magazeti huyaandika haya kwa tabasamu, kama ushirikina wa kuchekesha. Mwandishi mwangalifu angeliona pia hili: jamii nzima inakiri kwa sauti kubwa kwamba ziwa lina wafu wasiotulia, na kwamba hakuna mtu mmoja anayeachiwa kuwasikia peke yake. Kwa mwopoaji aliyelala macho, kelele ile ni habari njema kuliko kipeperushi.

Haifai kuzipamba mila hizi kupita kiasi. Zilibuniwa kwa kifo kimoja au viwili, mahali watu wanapojuana. Hazikubuniwa kwa mamia ya maiti katika siku tatu, wala kwa miili ya wasiojulikana ndani ya mto Yala ambao hakuna ukoo wa kuwafanyia lolote. Tena zinamtakasa mtu wa ukoo. Askari aliyetumwa kutoka mkoa mwingine, muuguzi Mluhya au mhudumu wa kujitolea aliye Mwislamu wa Kisumu hawezi kuingizwa humo ila kwa hisani. Na hapa suala la tabaka haliepukiki. Askari na mzima moto wana mishahara, wana daktari wa kikosi na, siku hizi, hata ofisi ya ushauri nasaha pamoja na kasoro zake. Mvuvi aliyefika kwanza hana lolote kati ya hayo. Amepoteza siku ya kuvua na mafuta ya mashine, pengine na wavu. Na samaki wa ziwa hilo hilo wanakosa wanunuzi kwa wiki kadhaa kila panapotokea ajali kubwa, kwa sababu ambazo kila mlaji anazijua na hakuna anayezitamka mezani. Rambirambi hukusanywa na kupelekwa kwa wafiwa. Pwani ya Bahari ya Hindi watu huenda kuhani kwa aliyefiwa, hukaa naye kimya mkekani. Hakuna kitenzi cha kwenda kukaa na aliyeopoa.

Lipo neno moja tu ambalo humfikia, nalo ni dogo. Mtu aliye kazini hupewa pole na kazi, na Mjaluo husema mos. Maneno haya mawili, ya lugha zisizo na undugu, yamekutana kwa ajabu: pole ni faraja na pia ni upole wa mwendo, na mos vilevile ni faraja na ni taratibu. Yote mawili yanamtaka mtu aende polepole. Kwa desturi ya Kiswahili jibu la pole ni nishapoa, na mvuvi anayefika ufukoni na mzigo wake chini ya turubai hulitoa papo hapo, kabla mtumbwi haujafungwa.